Moshi wa Kufunika Mwezi

Juzi mwanangu aliinua macho kutoka kwenye simu, mdomo umejaa ugali, akaniambia kwamba sayari ya Mshtarii imegunduliwa kuwa na miezi mingine na sasa jumla imepita tisini. Alisema kama anayetangaza matokeo ya mpira. Mimi nilikuwa nimeshika upawa wa mchuzi. Niliurudisha sufuriani, nikakaa kwenye kigoda, naye akaniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia hapana, kula. Lakini akili ilikuwa imesharudi darasa la tano, siku nilipoambiwa kwamba sayari hiyohiyo ina miezi kumi na sita. Kumi na sita tu ilinitoa jasho. Hiyo tisini, wangenipa wakati ule ningezimia.

Watu waliokulia mbali na ziwa huisifu mbalamwezi. Sikuwahi kuwaelewa. Sisi tulikaa Igogo, Mwanza, vyumba viwili vya kupanga katikati ya mawe, ziwa likiwa chini yetu, na baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, dagaa huifuata taa, wavu unawazingira. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, na dagaa hana sababu ya kuhangaika na karabai ya mtu. Basi mwezi unapoanza kunenepa, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanaume wanarudi majumbani kungoja giza. Hatukuwa na habari na tarehe. Tulisema baba yuko giza, au baba yuko mbalamwezi, na kila mtu alielewa.

Kwangu mimi hao walikuwa baba wawili. Baba wa giza alikuja mara mojamoja asubuhi kutoka kambini kwao kisiwani, macho mekundu kwa taa, nguo zinanuka mafuta ya taa, na akishavuka kizingiti tu ananiita "mama". Nilipewa jina la mama yake mzazi, aliyefariki baba akiwa bado kijana huko kwao Majita, upande wa Mara, na kwao mtoto akibeba jina amembeba na mwenye jina. Kwa hiyo mtu mzima yule, mabega kama mlango, alikuwa akiinama mbele yangu anasema, "Shikamoo mama," na mimi naitikia, "Marahaba, hujambo mwanangu?" Mama yangu anacheka mpaka anashika ubavu. Hakuwahi kuniinulia mkono hata mara moja. Mtu hampigi mama yake.

Baba wa mbalamwezi alikuwa mwingine kabisa. Huyo alikaa kutwa nzima mlangoni akitazama njia. Alikunywa gongo, na alikuwa mtu wa kunywa kimya. Bora angepiga kelele kama wanaume wengine, majirani wangemsikia na sisi tungejua yuko hatua gani. Yeye alinyamaza, na kile kimya kilikuwa kinajaa chumbani mpaka unaogopa kuweka kikombe chini. Baadaye ndipo unasikia kitu kinaanguka upande wa pili wa pazia, na sauti ya mama ikisema polepole, "Mtoto hajalala." Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake pekee, kwamba mtoto hajalala.

Chanzo cha yote kilikuwa kazi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na kando ya ziwa viwanda vya kukata minofu ya sangara vilikuwa vinaota kila upande. Mama, ambaye miaka yote alikuwa anaanika dagaa mchangani, alipata kazi kwenye kimoja. Alipewa koti jeupe, kofia ya kuficha nywele na gambuti nyeupe, na alizipenda zile gambuti, Mungu anisamehe, kuliko viatu vyake vya kanisani. Alikuwa akirudi anazifuta kwa kitambaa na kuzitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu. Alinuka dawa ya kusafishia sakafu za kule. Baba alisema mke wake ananuka hospitali. Halafu akaanza kusema habari za msimamizi, na gari la kiwanda linaloshusha wanawake barabarani jioni, na kwa nini mwanamke wa watu acheke ndani ya gari. Mbalamwezi moja ilipita kwa maneno. Iliyofuata alimvunja mama kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mama alikifunga na kijiti na kitambaa, kazini akasema amebanwa na mlango, na aliendelea kukata minofu na kidole kimesimama pembeni.

Giza lilipoanza kurudi na baba akajiandaa kwenda kambini, alisimama mlangoni na karabai mkononi. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Baba akasema, tena bila hasira, "Nikirudi mbalamwezi hii nikukute bado unaenda kule, utanitambua."

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele na kuyaweka pembeni. Baba akanigeukia mimi, akainama kidogo, akasema, "Mama, nimeondoka."

Kesho yake asubuhi mama alivaa gambuti zake akaenda kazini.

Nilimngoja aache. Kila jioni nilimtazama usoni nikidhani leo atasema ameacha. Siku moja nikamuuliza kabisa, "Mama, utaacha lini?" Alikuwa ananipakulia. Akashika mwiko hewani, akaniuliza, "Niache nini?" Nikasema kazi. Akatazama sahani yangu, akatazama sare yangu ya shule iliyotundikwa, mpya, ya kwanza isiyowahi kuvaliwa na mtu, akasema, "Kula, ugali unapoa." Nikajua haachi. Mama yangu ni mtu mpole sana, lakini akishaamua jambo ni kama yale mawe ya Igogo, unajenga ukiyazunguka.

Basi mimi nikabaki na mwezi. Ulianza kuonekana magharibi juu ya ziwa, kipande chembamba cha kucha, muda mfupi baada ya jua kuzama. Watoto wengine wanapouona mwezi mwandamo hurukaruka. Mimi nilirudi ndani. Na kwa akili ya mtoto nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu nikapata jibu: kosa lote ni la mwezi. Nilikuwa na ushahidi. Mtu yuleyule, mkono uleule, gizani ananipigia shikamoo na kwenye mwanga anavunja vidole. Gongo nililijua, lakini gongo nalo lilikuja na mbalamwezi. Mwezi ndio uliokuwa unamleta yule baba mwingine na kumpandisha mlima mpaka mlangoni kwetu. Nilimwonea hata huruma, kwamba hajui kinachomfanya awe vile.

Ni wakati huohuo Mwalimu Kulwa alipofika kwenye sayari. Mwalimu Kulwa alikuwa dada wa Kisukuma, mwembamba, sauti nene, na alikuwa na chaki za rangi alizonunua mwenyewe na hakumruhusu mtu kuzigusa. Alichora jua kwenye kona ya ubao, akazipanga sayari zote mpaka ukutani, maana ubao ulimwishia. Akasema zile za karibu ni vipande vya mawe tu kama hivi tulivyokalia Mwanza, lakini za mbali ni mambo mengine. Mshtarii ni gesi juu ya gesi, haina mahali pa kukanyaga, na ina dhoruba moja nyekundu inayoweza kuimeza dunia hii na nafasi ikabaki. Zohali ina pete. Uranus imelala ubavu. Tulisikiliza midomo wazi. Kisha akasema, "Dunia yetu ina mwezi mmoja. Haya, nani anajua Mshtarii ina mingapi?" Mmoja akasema miwili. Mwalimu akacheka, akaanza kuchora vidoti kuizunguka ile sayari, akahesabu kwa sauti na darasa zima likamfuata, mpaka kumi na sita.

Darasa lilishangilia. Mimi niliona miezi kumi na sita ikimleta baba nyumbani. Mmoja ukizama mwingine unachomoza, hakuna giza, hakuna kwenda ziwani, watoto wa huko wanakaa na baba wa mbalamwezi milele. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, huko wavuvi wa dagaa wanafanyaje?"

Lo, walinicheka. Mwalimu akagonga meza, akasema, "Acheni. Swali zuri hilo. Huko hakuna ziwa wala dagaa wala mtu." Akadhani amenituliza. Halafu akaendelea na Neptuni, akasema ina mwezi mmoja mkubwa unaozunguka kinyumenyume, na wataalamu wanafikiri haukuzaliwa pale. Ulikuwa unapita zake angani, Neptuni ikaukamata, mpaka leo haijauachia.

Nikanyoosha mkono tena. "Mwalimu, na sisi tunaweza kukamata mwingine?"

"Inaweza kutokea," akasema, "lakini..." Baada ya hiyo lakini alieleza mengi, najua, maana mdomo wake uliendelea kutembea. Sikusikia hata neno. Huu mmoja tu ulikuwa umeshafikia nusu.

Kilichoniokoa kilikuwa kipindi cha siku iliyofuata. Mwalimu alirudi kwenye Zohali, akachukua chaki ya rangi ya chungwa na kupaka duara moja mpaka likajaa. Akasema huu ni mwezi mkubwa wa Zohali, na ndio mwezi wenye angahewa nzito, nzito kuliko hii yetu. Vyombo vilivyorushwa kutoka duniani vilipita karibu yake miaka ya nyuma vikapiga picha, na picha zote zikatoka hivi, duara la chungwa tu, ardhi haionekani. Wala ukisimama kule chini na kuangalia juu, Zohali yenyewe na ukubwa wake wote na pete zake huioni. Angahewa imeziba kila kitu.

"Inazibaje?" niliuliza. Sasa hata wenzangu hawakucheka, walikuwa wameshanizoea.

"Kuna ukungu," akasema, akisugua vidole vyenye chaki. "Tuseme ni kama moshi. Moshi uliojaa angani na hauondoki."

Kengele ilipolia aliniita. Akanishika kidevu, akaniuliza, "Wewe, una nini? Unaumwa?" Nikasema hapana mwalimu. Nilitamani kumwambia, kweli nilitamani, lakini mambo ya nyumbani kwetu yalikuwa ya nyumbani kwetu, na pia nilikuwa nimeshapata dawa. Moshi ningeweza kuupata.

Miaka ile magugumaji yalikuwa yamelivamia ziwa. Yalitanda kutoka ufukweni mpaka mbali, kijani kibichi, na maua yake ya zambarau, mitumbwi ikawa inakwama ndani yake. Wavuvi waliyavuta kwa reki na mikono ili kupata njia, wakayarundika mchangani, na marundo yale yalikauka juu tu, ndani yakabaki mabichi yanaoza. Kila mtoto wa Igogo alijua ukiyachoma hayatoi moto wa maana. Yanatoa moshi mweupe, mzito, unaokaba koo mpaka mama zetu wanaanua nguo huku wakitutukana. Nilichagua rundo kubwa kuliko yote, mbele kidogo ya mahali mitumbwi inapopandishwa. Nikaficha kiberiti na kibuyu kidogo cha mafuta ya taa chini ya jiwe. Halafu nikangoja, na kila jioni mwezi ulikuwa mnene zaidi, na mama alifuta gambuti zake na kuzitundika msumarini.

Baba alirudi mchana. Nilitoka shule nikamkuta amekaa mlangoni, mahali pake palepale. Hakuinama kunisalimia. Nikasema, "Shikamoo baba." Akasema marahaba. Akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Sijui."

Hakugombana na mimi. Aligeuza kichwa taratibu, akatazama ndani, ukutani juu ya kitanda changu, kwenye ule msumari. Ulikuwa mtupu. Akautazama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama msumari.

"Sawa," akasema. Akainuka akateremka kuelekea kule wanakouza gongo.

Nimesikia maneno mengi makali maishani mwangu, nimetukanwa na watu wenye vipaji vya kutukana, lakini hakuna neno lililowahi kunitisha kama ile sawa. Nilivua viatu vya shule nikakimbia ziwani. Jua lilikuwa halijazama, na mwezi ulikuwa umeshatoka upande wa pili, juu ya vilima na mapaa ya mabati, mkubwa, mweupe, hauna haya. Gari la kiwanda lingemshusha mama jua likizama. Nilikuwa na muda huo tu wa kufunika mwezi.

Nilimwaga mafuta yote. Moto uliruka, ukanichoma nywele za mkono, ukashuka, na moshi ukaanza kutoka kwenye rundo zima kwa pamoja. Nikakimbia huku na huku nikibeba magugu mengine kwa mikono na kuyatupa juu. Macho yalinitoka machozi, sikuona ninapokanyaga. Na upepo wa ziwa ulikuwa bado unavuma kuelekea nchi kavu, ukauchukua ule moshi ukaupeleka mlimani, juu ya nyumba, moja kwa moja mpaka mbele ya mwezi. Nilisimama nikaangalia. Mwezi ulififia. Ukageuka rangi ya chungwa, ileile ya chaki ya Mwalimu Kulwa, halafu ukapotea. Sijawahi tena kuwa na nguvu kama nilizokuwa nazo dakika ile. Nilifikiri, basi, imekwisha, dagaa watakuja, ataenda.

Nikasikia mtu anakimbia mchangani akifoka, "Nani anachoma hapo? Mnataka kuunguza nyavu za watu?" Moshi ukafunguka kidogo akatokea baba, ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amekunywa, niliijua ile midomo iliyolegea. Akaniona, akasimama.

"Mama?"

Nilikuwa nimeshika magugu kifuani, matope yananitiririka tumboni. Nikasema, "Shikamoo baba."

"Unafanya nini?"

"Nafunika mwezi."

Akaangalia juu. Akaangalia moshi unakotoka na unakokwenda. "Unafunika mwezi," akarudia. "Kwa nini?"

"Ili iwe giza. Dagaa watakuja. Uende."

"Niende wapi?"

"Ziwani," nikasema, na hapo kilio kilinishinda, nikasema maneno yaliyobaki kwa kwikwi. "Nenda sasa hivi. Nenda kabla mama hajarudi."

Aliitua ndoo. Nilidhani anaitua ili mikono iwe mitupu, nikafumba macho. Hakuna kilichotokea. Nilipofumbua alikuwa amekaa mchangani, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, na uso wake ulikuwa umeharibika kama wa mtu aliyefiwa. Sikuwahi kumwona mwanaume mzima akiwa na uso ule. Halafu akaanza kusema, akiuangalia moto.

"Kwetu, nyuma ya nyumba, kulikuwa na jiwe kubwa kuliko haya. Nilikuwa napanda na mawe kwenye kaptula. Naurushia mwezi. Niliona kama nikilenga vizuri utaanguka ziwani." Akapangusa pua kwa kiganja. "Babu yako naye alikuwa mvuvi wa dagaa."

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Ulikuwa unataka giza?"

"Nilikuwa nataka wewe usipigwe," akasema. Alikuwa ananitazama, na hakuwa ananiona mimi. Alikuwa anamwona mwenye jina. "Sikuweza kukusaidia, mama. Mawe hayakufika."

Moto ulikuwa umeshajifia wenyewe. Moshi ukapungua, na mwezi ukatoka tena, mzima, haukupungua hata kidogo. Nilitazama ule mwezi nikajua nimeshindwa, na nikasikia gari la kiwanda likipiga honi barabarani. Baba naye alisikia. Aliinuka. Akatangulia kupanda, na mimi nikamfuata nyuma, nikiomba ajikwae.

Mama alikuwa tayari amefika. Alisimama katikati ya chumba, hajavua koti wala kofia wala gambuti. Siku zote alikuwa anavua vyote kabla hajavuka kizingiti. Kibatari kilikuwa kinawaka nyuma yake. Mkono mmoja, ule wenye kidole kibovu, ulikuwa wazi, na mwingine ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukutoka humo muda wote. Mpaka leo sijui mfukoni kulikuwa na nini. Alikuwa mtu wa kushika kisu kutwa nzima, na sikuwahi kumuuliza.

"Nipo," akasema. "Nimetoka kazini. Na kesho naingia."

Baba alisimama mlangoni. Nilipita chini ya mkono wake nikaenda kusimama karibu na mama. Nilikuwa nanuka moshi, matope mwili mzima, na mama hakuniuliza, macho hayakumtoka baba.

"Kesho naondoka," baba akasema. "Naenda visiwani, kwenye ndoano. Nitavua sangara. Sangara hana habari na mwezi."

Mama aliuliza polepole, kama mtu anayejaribu ubao kwa mguu kabla hajaukanyaga, "Na utarudi lini?"

Baba akanielekeza kwa kidevu. "Muulize mama."

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza. Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, na watu wazima wawili wananingoja mimi niseme. Na mimi, Mungu ni shahidi, nilikuwa nampenda baba yangu. Sikutaka apotee. Nilitaka yule mwingine asije, basi. Nikasema jambo pekee lililokuwa na maana kichwani mwangu.

"Urudi giza," nikasema. "Mbalamwezi usije. Urudi giza."

Mama akafungua mdomo, nadhani anirekebishe, maana hakuna mke wa mvuvi aliyewahi kusikia kitu cha namna hiyo. Baba akainua mkono kumzuia, kwa upole, na hata hivyo mama alirudi nyuma hatua moja. Baba aliiona ile hatua. Aliiangalia sakafu pale mama alipokuwa amesimama. Halafu akainama mbele yangu kama zamani, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema, "Nimesikia, mama."

Alilala nje usiku ule, na asubuhi hatukumkuta.

Sisemi aligeuka malaika. Gongo aliendelea kunywa, huko huko visiwani, habari zilikuwa zinatufikia. Nami nilikua, nikajua kwamba mwezi haukuwa na kosa lolote, kwamba mkono ni wa mtu na pombe ni ya mtu, na miaka fulani nilimkasirikia upya kwa kuniachia mimi mtoto kazi ya kumwekea mpaka. Mama aliendelea na kiwanda mpaka mgongo ulipokataa, akanisomesha. Alipokuwa akiulizwa na wenzake kuhusu mume alikuwa anasema yuko, anakuja, na ni kweli alikuwa anakuja. Tangu siku ile baba hakumgusa mama tena, wala hakukanyaga nyumbani kwenye mbalamwezi hata moja. Wavuvi wenzake walimcheka sana. Kila giza lilipoingia, wanaume wote wa Igogo wakiteremka ziwani na karabai zao, yeye peke yake alikuwa anapanda mlima kurudi nyumbani. Njia ilikuwa nyeusi, hatukuweza kumwona. Tulimsikia tu akikohoa, kisha akasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi, na akangoja huko huko gizani mpaka mama aseme karibu.